Baba wa Kwenye Chemchemi

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, bibi yangu alikuwa na namna yake ya kusali iliyotuchekesha sisi watoto na kumnyima katekista raha. Tukianza "Baba yetu", yeye alifunga mdomo. Aliubana kabisa, kama mtoto anayekataa dawa. Tukifika "uliye mbinguni" aliingia, akaenda na sisi mpaka mwisho, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Amina yake ilisikika mpaka kwa jirani. Lakini lile neno la kwanza halikutoka kinywani mwake.

Tulimwita Ama, maana ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye miguu ya kupanda milima na ulimi wa kushuka nayo. Umbea wangu huu watu wanaoulalamikia hapa Daa nimeurithi kwake. Sikuuiba kwa mtu.

Sababu ya kubana mdomo ilikuwa hii. Kwa wazee wetu, aliye juu ni Looaa. Looaa ni jua, na ni mama. Hana baya. Haui mtoto wa mtu. Ukimkosea sana anageuza uso, mvua ikachelewa, halafu huruma inamshika anarudi. Mabaya yana mwenyewe mwingine, Netlangw, anayekaa chini ya ardhi, kwenye chemchemi na vijito. Huyo ni wa kiume. Ndiye anayenyakua watoto, ndiye anayeharibu mimba. Ama alikuzwa kumwita baba kwa woga tu, kama mtu anavyomwita "mkubwa" askari aliyemkamata. Sasa anakuja katekista na baiskeli yake, anakaa kwenye kigoda, anakunywa maziwa yetu, anamwambia Ama amwombe Baba.

"Kijana wangu," Ama alimwambia, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza, "huyo unayetaka nimwite, unajua anakaa wapi?"

"Mbinguni, Mama mzee."

"Mbinguni yupo mama. Baba yuko pale chini kwenye matete. Mtu mwenye wajukuu ndani anamwita huyo kwa jina, anamtafutia nini?"

"Huyu ni Baba mwingine."

"Anafanana naye jina."

"Majina yanafanana, Mama mzee. Hata wewe una jina moja na yule mama anayepika pombe."

"Na ndiyo maana watu wakimtafuta yeye wanakuja kwangu," Ama akasema.

Katekista alicheka mpaka maziwa yakampalia. Lakini ubatizo hakumpa. Alimrudisha kwenye mafundisho mara tatu, akae na vijana walioweza kuwa wajukuu zake, na nadhani Ama hakusikitika sana, kwa sababu habari zote za kijiji zilipita pale kabla ya kufika kwingine.

Mwaka ule tulikuwa tunavuna ngwara, zile kunde zetu nyeusi, na upepo kutoka msitu wa Ngorongoro ulikuwa unashuka na baridi yake asubuhi. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, akirudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya sala. Mama yangu, Magdalena, alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika nyumba yenye mimi na Ama, mtu angeyatoa saa ngapi?

Mtoto alikuja kabla ya siku zake, Jumamosi, naye alikuja kimya. Ama alimpokea. Mimi nilifukuzwa nje nikachunge mbuzi, nikajificha kando ya ukuta, nikasubiri kusikia kilio cha mtoto. Kilichosikika kilikuwa cha mama, tena cha chini, kama mtu anayeumwa jino. Baba alipofika alichimba nyuma ya zizi. Mtoto alikuwa wa kiume. Sikumwona uso.

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi ukiwatajia wanakukodolea macho. Mwanamke akizaa mtoto mfu, au mtoto wake mchanga akafa, nyumba yake iliingia kwenye metimani. Haingii kwa mtu, wala mtu haingii kwake. Hashikwi mkono. Hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, hapiti njia ya wote, halimi na wenzake. Watoto wake hawachezi na watoto wa watu, ng'ombe wake hawachanganyiki na ng'ombe wa watu. Iliaminika kwamba Netlangw ameshamgusa, na atakayemgusa yeye ataambukizwa kifo hicho. Hiyo haikuwa ya wiki mbili. Mwingine alikaa hivyo mpaka abebe mimba nyingine, au mpaka wazee waseme basi. Mwenye metimani aliweza kula na mwenye metimani mwenzake tu, maana hao hawakuwa na cha kuambukizana.

Baba na mama walikuwa wamebatizwa. Katekista alikuwa amefundisha wazi kanisani kwamba metimani ni giza, na Mkristo asiifuate. Kwa hiyo baba akasema hatutatangaza. Mimba ilikuwa imefichwa na nguo na baridi, watu hawakujua miezi yake. Tutasema Magdalena anaumwa tumbo, na siku zitapita. Ama alikaa muda mrefu akichokonoa moto bila sababu. Yeye alimwamini Netlangw kama alivyoamini kwamba jua litatua. Kisha akasema, "Mimi sijaona kitu." Ndivyo alivyomchagua mkwe wake, ingawa roho yake yote ilikuwa ikimwambia anatia kijiji hatarini.

Jumatatu asubuhi, baba ameshaondoka, Ama alinishika sikio. Hakulivuta, alilishika tu.

"Agata. Mdomo wako una miguu."

"Ndiyo, Ama."

"Leo ifunge kamba. Ukiulizwa?"

"Mama anaumwa tumbo."

"Ukiulizwa tena?"

"Anaumwa tumbo sana."

"Usiongeze chumvi. Tumbo tu."

Nilishika kibuyu nikaenda chemchemini na wasichana wenzangu. Jamani, ninyi mliokua hamna siri hamjui. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtoto mwingine pale alikuwa nacho. Wote walikuwa wakisimulia nyati aliyeingia shambani kwa mtu, habari ya juzi na majuzi, na mimi nina yangu inanichoma ulimi kama uji wa moto. Rafiki yangu alikuwa Fabiola. Nilimvuta kando kwenye matete. Nilimwambia yeye peke yake, nikamwapisha asimwambie mtu. Fabiola alimwambia mama yake peke yake. Mama yake alimwambia dada yake peke yake. Ng'ombe waliporudi zizini jioni, Daa nzima ilikuwa imeambiwa peke yake.

Nimeandika hayo kwa kucheka kidogo, maana bila kucheka nisingeyaandika. Miaka yangu yote hii sijawahi kumwambia mtu kwamba ni mimi.

Kesho yake tulikuta tawi la miiba limelazwa kwenye njia inayotoka kwetu. Wazee wawili walisimama mbali, ng'ambo yake, wakamwita Ama kwa sauti kama watu wanaoita mtu upande wa pili wa korongo. Hasira yao ilikuwa mara mbili. Jambo lenyewe lilikuwa moja, kulificha likawa jingine. Kumbe Jumatatu ileile mama alikuwa ameazima ungo kwa jirani, na mkono wake ulikuwa umegusa mkono wa jirani. Ndama wa huyo jirani alikuwa anaharisha. Kwa hiyo ikawa ni mama.

"Na wewe mzee mwenzetu," mmoja alimwambia Ama, "wewe ndiye wa kutuficha?"

"Nilifikiri ni tumbo," Ama akasema.

"Umezalisha nusu ya kijiji hiki, ukafikiri ni tumbo?"

Ama aligeuka akarudi ndani kwa mama.

Tukaelekezwa tuchote maji kwenye dimbwi la chini bondeni, lile la kunyweshea ng'ombe, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Shuleni nilikuwa darasa la pili. Mwalimu hakutoka hapa kwetu, naye aliona ni upuuzi, lakini wazazi walisema wangeondoa watoto wao, basi akaniambia nikae nyumbani kwanza. Hiyo "kwanza" haijaisha hadi leo. Jumapili baba alitupeleka kanisani kwa nguvu. Watu waliokuwa wakiitikia kwamba metimani ni giza walisogea kwenye benchi, taratibu, mmoja mmoja, kama wanaotafuta mahali penye mwanga zaidi. Tulibaki sisi wanne kwenye benchi la watu kumi. Mama aliimba. Nakumbuka aliimba.

Baba alirudi Oldeani, maana kazi haikujua metimani. Na wiki hiyohiyo mama akashikwa na homa. Maziwa yalikuwa yamejaa na hayana wa kuyanyonya, na tumbo nalo sasa likawa linauma kwelikweli. Nilimwona Ama akiliminya, uso wake ukabadilika. Wakati mwingine nilipokuwa mdogo nilifikiri ni ule uongo wetu uliotimia, kwamba nilipotumwa kusema "tumbo" nilimwitia mama tumbo. Mtoto huwaza mambo hayo na hana wa kumuuliza.

Zahanati ilikuwa Karatu. Kumfikisha mgonjwa kulihitaji wanaume wanne na kitanda. Ama alipanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi akaita. Aliita majina ya watu aliowakata kitovu yeye mwenyewe. Nilikuwa naona watu mashambani wakisimama, wakishika kiuno, wakisikiliza, kisha wakiinama tena kwenye ngwara zao. Mmoja alijibu, "Mwiteni mume wake." Mume alikuwa Oldeani, mwendo wa miguu, na njia zote za kumfuata zinapita mbele ya nyumba za watu, tulikokatazwa kupita.

Katekista alikuja siku ya pili. Aliegemeza baiskeli kwenye mti, akafika mpaka kwenye lile tawi, akasimama. Mguu wake ulikuwa umefika kabisa kwenye miiba. Akafungua kitabu, akamwombea mama kutoka pale. Alisoma vizuri. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma.

Ama alimtazama mpaka akamaliza.

"Kijana wangu, ulisema hili tawi ni giza."

"Ndiyo, Mama mzee."

"Sasa mbona unaliona vizuri hivyo?"

Katekista aliangalia chini. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya miaka saba ya kungoja. Kila mtu alijua. Nami nilijua, maana nilikuwa nimeitangaza. Akasema, "Nisamehe, Mama mzee," akapanda baiskeli yake akaenda.

Kesho yake, jua lilipokuwa utosini, mama aliomba maji. Ama alimpa yale ya dimbwini, mama akayatapika. Ama akachukua kibuyu. Akanishika mkono. Nilidhani tunakwenda bondeni. Tukavuka tawi.

Nataka mnielewe. Kwenda chemchemini saa sita mchana, peke yako, hata watu wasio na metimani hawakuthubutu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Netlangw. Na sisi tulikwenda kutoka nyumba aliyokwisha kuigusa, mwanamke mzee na mtoto asiye na meno. Hakuenda kwa sababu ameacha kuamini. Hilo nimelielewa ukubwani. Aliamini kila neno, na akaenda hivyohivyo.

Matete yalikuwa yametulia. Wanawake wawili waliokuwa wakifua upande wa chini walituona wakakimbia, nguo wakaziacha. Ama alisimama ukingoni, akasema kwa lugha yetu, bila kupaza sauti:

"Baba. Nimekuja. Umeshachukua mmoja na sikukutukana. Huyu wa pili simtoi. Kama una njaa, mimi hapa, nyama yangu ngumu lakini ipo."

Tukangoja. Chura mmoja aliruka, moyo wangu ukaruka naye. Maji yalikuwa masafi, yakichemsha mchanga taratibu pale yanapotokea. Uso wa Ama ulionekana ndani yake, na wangu, na nyuma yetu jua.

"Umeona mtu?" akaniuliza.

"Sijaona, Ama."

"Angalia vizuri, wewe una macho."

"Hakuna mtu."

Akachutama polepole, akachota. Kibuyu kilipojaa alibaki amechutama, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akasema, si kwangu, "Basi lile tawi ni nani aliliweka?"

Mimi nilijua aliyeliweka. Walikuwa wazee. Na kabla ya wazee, nilikuwa mimi. Nilisimama nikiwa nimeshika sketi yake, na ule mdomo wangu wenye miguu ukakosa hata mguu mmoja.

Mama alikunywa. Alifumba macho, akasema, "Yana baridi. Ni ya pale?"

"Ni ya pale," Ama akasema.

Mama akatabasamu, akanywa tena.

Katekista alikuwa ametuona kutoka njia ya juu. Alikuja alasiri, baiskeli ameibeba begani kama mtu anayebeba ndama, akavuka tawi, miiba ikamchana muundi wa mguu. Hakusalimia. Walimfunga mama kwenye kiti cha nyuma kwa shuka, kichwa chake kikalala mgongoni mwa katekista, yeye akisukuma kwa mbele na Ama akishikilia nyuma. Nami nilibeba kibuyu. Watu walisimama mashambani wakatutazama tunapita. Hakuna aliyetukana. Tulipoanza kupanda kilima cha mwisho, mahali ambapo leo lami inapita na magari ya watalii yanashindana kwenda Kreta ya Ngorongoro, Ama akasema, "Simamisha." Katekista akasema tunakaribia. Ama akasema tena, "Simamisha, mwanangu. Mgongo wako umekuwa mzito."

Tulikaa naye kando ya njia mpaka vumbi likatulia.

Kesho yake baba aliletwa kutoka Oldeani. Waliochimba kaburi la mama walikuwa watatu: baba, katekista na Ama. Baada ya kuzika tulikaa nje, hakuna aliyekuja kutupikia. Katekista alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Ama alimgeukia.

"Nimekwenda pale chini," akasema. "Hakuna mtu. Nilimwita na hakuna mtu."

"Ndiyo, Mama mzee."

"Usiseme ndiyo haraka. Zamani nilikuwa na wawili. Wa juu alikuwa mwema, na mabaya yote nilimtwika wa chini, roho yangu ikatulia. Wewe umeninyang'anya wa chini. Sasa huyu Magdalena nimtwike nani? Nimtwike wa juu? Na yule mdogo asiye na jina, naye ni wa juu aliyemchukua? Kama ni yeye, mbona mnasema ni mwema? Na kama si yeye, ni nani?"

Nilimwangalia katekista, maana yeye ndiye aliyekuwa na kitabu. Hakukifungua. Alilia. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamume analia ila mlevi.

"Sijui, Mama mzee," akasema. "Nilifundishwa majibu, na juzi nilikuwa nayo yote mfukoni pale kwenye tawi, na sikuvuka. Ninachojua ni kidogo. Huyo Baba, Mwanawe naye walimtoa nje ya mji. Wakamuua huko, watu wakitazama kwa mbali."

Ama akauliza polepole, kama mtu anayepima kamba, "Huyo Baba mnayemwita. Amefiwa na mtoto?"

"Ndiyo."

"Mtoto wake mwenyewe."

"Wa pekee."

"Basi kwa desturi yetu asingeingia nyumba ya mtu."

Katekista alifuta macho. "Asingeingia, Mama mzee."

"Ila ya mwenzake," Ama akasema. Akatazama nyumba yetu, mlango wake wazi, hakuna mtu ndani. "Mwenye metimani anaingia kwa mwenye metimani mwenzake. Hiyo hakuna wa kuikataza."

Jioni hiyo tulisali. Nilikuwa nikimtazama mdomo. Akasema "Baba yetu" taratibu, mara ya kwanza, kwa sauti ndogo sana, si ile ya kusikika kwa jirani. Alisema kama mtu anayempa pole mfiwa.

Alibatizwa mwaka uliofuata. Tawi lilikuwa limeshaondolewa. Wazee walisema basi, labda kwa aibu. Na Daa nzima ilihesabu miezi ya mke wa katekista ikiwa imekodoa macho, kuona mtu aliyevuka miiba atalipwa nini. Alijifungua msichana, mzito, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe. Wakamwita Magdalena. Siku hizi ana nyumba ya wageni Karatu mjini, amenenepa, ana maringo, na kuna habari zake nyingine ambazo si za kuandikwa hapa. Kila nikimwona nafurahi na nachomwa. Kumbe hakukuwa na ugonjwa wowote wa kuambukiza. Mama yangu angeweza kubebwa siku ya kwanza na wanaume wanne, na wake zao wakazaa salama wote.

Katekista alinifundisha kuandika, kwa yale niliyokosa shuleni. Ama hakuniuliza kamwe nani alisema. Mara moja tu, tukipukuchua mahindi, alinishika sikio kama siku ile, nami nikiwa msichana mkubwa wa kuolewa, akasema, "Mdomo wenye miguu si lazima upelekwe mateteni. Kuna nyumba nyingi za kwenda." Akaendelea kupukuchua. Nikajua kwamba anajua, na kwamba alijua siku zote, hata pale aliponishika mkono tukavuka.

Tangu hapo nimesikia mahubiri mengi juu ya uovu unakotoka. Mengine mazuri. Wapo wanaosema ni shetani, wapo wanaosema ni jaribu, na kijana mmoja mwenye spika kubwa aliyekuja na hema alisema ni uchawi wa majirani, akapata sadaka kuliko wote. Mimi sijui unakotoka. Najua tu kwamba Jumatatu ile ulipita kinywani mwangu, na nilikuwa mtoto, na nilimpenda mama yangu. Kuhusu wema wa Mungu nako sina hoja. Ninalo tawi la miiba, na mtu aliyelivuka amechelewa, muundi wake wa mguu unatoka damu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, yule aliyeolewa na dereva wa watalii, alirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Siku hizi hakuna anayelaza tawi. Watu walimtumia pole kwenye simu, wengi, na picha za mishumaa. Wiki nzima hakuna mwanamke aliyeingia mlangoni, kila mmoja ana sababu, na wenye mimba ndio walikuwa na sababu nyingi zaidi. Habari hizo nilizipata mapema kuliko watu wote, kwa njia zangu.

Nilichukua fimbo nikaenda mchana, jua likiwa utosini. Nilimkuta amekaa sakafuni, amefunga kifua kwa kanga, maziwa yanalowesha. Aliponiona akasema, "Bibi, usije ukaugua." Nikamwambia magonjwa yote mazuri nimeshayamaliza. Nikakaa naye sakafuni, na kushuka huko kulichukua muda.

Nikamwambia nina kiu, anipe maji, kwa kikombe chake kile alichokuwa anakinywea. Alikijaza, akanipa.

Nikanywa yote.